Tusiseme "ni uzee tu"

Jumapili ya nne ya Julai Kanisa Katoliki huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani. Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2021 na kuiweka karibu na Julai 26, sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Siku hiyo parokiani tunawaita wazee mbele, tunawabariki, watoto wanawapa maua, kwaya inaimba, kisha tunapiga picha. Ni jambo jema. Lakini leo, ndugu msomaji, nakupeleka kwa mzee ambaye hakuweza kuitwa mbele kwa sababu hakuwa akitoka chumbani.

Ni huko Kiwengwa, pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja. Ukishuka gari la 117 kutoka mjini, upande wa bahari unaona kuta za hoteli, na upande wa pili nyumba za kijiji, minazi na ardhi ya mawe ambayo jembe halipendi. Wakatoliki wa huko wengi ni watu wa bara: wapishi, walinzi, watunza bustani, wafua nguo, waliofuata kazi tangu hoteli zilipoanza kuongezeka miaka ya 1990. Waliokuja vijana sasa wana mvi. Na baadhi yao wamefanya ambalo mtoto mwema hulifanya: wamewafuata wazazi wao huko Rombo, Songea au Ngara wakawaleta kuishi nao.

Bibi ninayemsema aliletwa kutoka Rombo. (Familia imeniruhusu kusimulia, nami nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike.) Mumewe alishafariki, goti lilimsumbua, na mwanawe, mpishi hotelini, alikuwa halali kwa kufikiria mama yake peke yake kihambani. Akampangia chumba kizuri chenye feni na choo cha ndani. Chakula kilikuwepo, dawa ya presha ilikuwepo, televisheni ilikuwepo. Mwana na mkewe walitoka kazini kwa zamu, wajukuu wakaenda shule, na bibi akabaki na feni.

Miezi michache baadaye akaanza kuumwa. Kwanza goti, lile lile la zamani. Kisha mgongo. Kisha kifua kikawa kinawaka moto, kichwa kikawa kizito, na usiku akahisi kama wadudu wanatembea chini ya ngozi. Alikuwa anaamka saa tisa usiku na kukaa kitandani hadi alfajiri. Ugali aliusogeza. Walimpeleka kituo cha afya mara mbili, wakarudi na vidonge vya maumivu.

Mimi nilikuwa nikifika kila mwezi kumpelekea Ekaristi. Nilimpa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, nikasali naye, nikakaa dakika kumi nikiwa na macho kwenye saa, maana kulikuwa na jumuiya nyingine ikinisubiri. Aliponiambia, "Padri, nimechoka," nilimjibu kwa ucheshi ambao sasa unaniaibisha: "Bibi, ni uzee tu huo, sote tunaelekea huko." Alitabasamu kwa adabu. Nikadhani nimemfariji.

Aliyenifumbua macho ni jirani yake, mama wa Kiislamu wa hapo hapo kijijini, naye mtu mzima, aliyelima mwani baharini miaka mingi mpaka kiuno kikakataa. Siku moja natoka, akaniita barazani.

"Padri, ntakwambia kitu, lakini usinchukie. Yule goti linamuuma kweli, lakini silo linalomlaza. Yule moyo umemfa. Alipokuja akikaa na mie hapa chini ya mkungu, nikimfundisha kusuka ukili. Hajui, lakini akicheka. Sasa mwezi wa tatu huu hatoki. Nikipiga hodi haitikii. Na juzi kampa mjukuu tasbihi yake ile mnayosalia, kamwambia mie sina kazi nayo tena."

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia alipofiwa na mumewe alikaa hivyo hivyo mwaka mzima, na watu wakimwambia ni kiuno.

Rozari ile niliijua. Mwanawe alikuwa ameniambia kwa furaha kwamba mama amempa mjukuu rozari yake ya ndoa, nami nikaona ni urithi wa imani. Sote wawili tulitazama kitu kile kile, tukaona baraka. Jirani asiyesali rozari ndiye aliyeona kuaga.

Tangu siku ile nimerudi mara nyingi kwenye simulizi moja ya Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19, ambayo kwenye mahubiri tunaipita haraka. Mzee Barzilai alikuwa na miaka 80. Daudi alipokuwa mkimbizi mbele ya mwanawe Absalomu, Barzilai ndiye aliyekuwa miongoni mwa waliomlisha huko Mahanaimu. Vita vilipokwisha, Daudi akataka kulipa wema: njoo nami Yerusalemu, nami nitakutunza. Ni maneno yale yale ya mpishi wetu wa Kiwengwa. Mama alinilisha, sasa nimlishe mimi.

Barzilai akakataa. Alimweleza mfalme bila kuficha kwamba ulimi wake hauonji tena ladha, masikio yake hayasikii tena waimbaji, na kwamba atakuwa mzigo. Akaomba arudi mjini kwake, akafe karibu na kaburi la baba na mama yake. Kijana wake Kimhamu ndiye aende badala yake. Daudi akambusu, akambariki, akamwacha aende.

Napenda uone mambo mawili hapa. Kwanza, Barzilai aliulizwa. Mfalme mzima alimwalika mzee na akakubali kujibiwa "hapana". Sisi ni wangapi tuliowauliza wazazi wetu kabla ya kuwapakia kwenye basi na boti? Tunawaambia, "Mama, jiandae, Jumamosi nakuja kukuchukua," na mama, kwa kuwa hataki kumvunja moyo mwanawe, anafunga kikapu. Pili, Barzilai alipoteza mengi, lakini bado alikuwa anataka kitu. Alitaka mji wake, alitaka kijana wake apate nafasi, alijua afe wapi. Mtu wa namna hiyo anazeeka, na kuzeeka si ugonjwa. Mzee wa kutushtua ni yule ambaye hataki tena chochote: si kwenda, si kubaki, si wali, si ndizi, si kuonana na watu.

Hali hiyo wataalamu wanaiita sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 100 waliofikisha miaka 70 na kuendelea, takriban 14 wana tatizo la afya ya akili, na yanayoongoza ni sonona na wasiwasi. Fikiria benchi za mbele za kanisa lako Jumapili, zile wanazokaa bibi zetu wenye vitambaa vyeupe. Hesabu kumi na wanne katika kila mia.

Huzuni peke yake si sonona. Aliyefiwa atalia, na tumwache alie. Lakini aliyefiwa anapotembelewa na mjukuu hucheka kidogo, anapoletewa chai anayoipenda hunywa, kisha analia tena. Katika sonona hata hiyo nafuu fupi haiji, na hali hiyo inadumu wiki mbili, mwezi, miezi. Na kwa mzee mara nyingi haina machozi. Inakuja kama maumivu yanayohama mwilini, kama kukosa usingizi wa alfajiri, kama kupungua uzito, kama kuacha kuoga kwa mtu aliyekuwa nadhifu. Wakati mwingine inakuja kama kusahau, familia ikadhani akili zinamtoka. Kwa wanaume inaweza kuja kama hasira. Mzee mstaafu aliyekuwa mpole anaanza kugombana na kila mtu kuhusu rimoti na chumvi, au anaanza kunywa pombe mchana. Tunasema amekuwa mkorofi uzeeni.

Kwa nini inajificha mwilini? Mwaka 1982 daktari wa Marekani, Jerome Yesavage, na wenzake walichapisha maswali ya kupima sonona kwa wazee. Yalikuwa 30, baadaye yakatengenezwa mafupi ya 15, ya kujibu ndiyo au hapana, na yanatumika duniani hadi leo. Katika kuyatengeneza waliacha kwa makusudi maswali ya mwili, kama usingizi na hamu ya kula, kwa sababu mzee yeyote analala vibaya na ana kinachomuuma. Wakabakiza ya moyo: kama mtu ameacha mambo aliyokuwa akiyafanya, kama anaona maisha ni matupu, kama anajiona hana thamani, kama anapendelea kubaki ndani kuliko kutoka. Nilipoyasoma niliona kwamba jirani wa Kiwengwa alikuwa ameshayauliza yote kutoka barazani kwake.

Lakini wazee wetu wengi hawakufundishwa kusema "nina huzuni". Katika malezi yao, anayelalamikia moyo ni mtu mlegevu. Anayelalamikia goti anapewa kiti. Mama aliyelea watoto saba hawezi kumwambia mwanawe, anayemlipia pango, kwamba hana raha nyumbani kwake. Angeonekana hana shukrani. Basi anasema mgongo. Na sisi tunapomjibu "ni uzee", tunamwambia kwamba hata mgongo asiutaje.

Nilirudi kwa bibi siku ya Jumanne, bila stola na bila ratiba. Nilimsalimu, nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikamuuliza asubuhi kule nyumbani alikuwa akianza na kazi gani. Alinyamaza muda mrefu hadi nikataka kuongeza swali. Namshukuru Mungu sikuongeza. Kisha akaanza: majani ya ng'ombe, maji ya mfereji yanayopita kihambani, ndizi zipi za kupika na zipi za kuiva, na wanawake wa WAWATA waliokuwa wakimgongea mlango kila kukiwa na mgonjwa au msiba, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wao kwa miaka 12. Alizungumza karibu nusu saa. Halafu akasema taratibu, "Padri, huku hakuna anayejua nilikuwa nani. Huku mimi ni mama wa mpishi."

Baadaye akaongeza kwamba usiku anamwomba Mungu asiamke.

Hapo ndipo wengi wetu tunapogeuza mazungumzo. Tunasema, "Usiseme hivyo Bibi, ni dhambi," na mlango unafungwa. Nilimuuliza wazi, kwa upole, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Akasema hapana, anangoja tu. Angesema ndiyo, au angekuwa ameanza kuacha dawa za presha kwa makusudi, ningehakikisha haachwi peke yake na anafikishwa hospitali siku ile ile.

Mwanawe alipoelezwa alilia. Alihisi ameshtakiwa, wakati alijinyima mengi kwa ajili ya mama yake. Kisha akasita kumpeleka kliniki ya afya ya akili, maana kwetu Unguja ukitaja matibabu ya akili watu wanataja Kidongo Chekundu, na wakitaja Kidongo Chekundu wanapunguza sauti. Wengine wa jumuiya walisema bibi ametupiwa kitu. Mmoja alisema asali zaidi. Huyo nilimwomba asirudie. Anayeumwa hivi tayari anaona Mungu amemwacha. Ukimwambia sala zake hazitoshi unamwongezea gunia kichwani. Eliya naye aliketi chini ya mti akaomba afe (1 Wafalme 19), na malaika hakumpa hotuba. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena.

Walikwenda. Walimpima damu, wakakagua dawa zake zote, maana upungufu wa damu, matatizo ya tezi na hata baadhi ya dawa vinaweza kuchangia hali hiyo. Wakamwanzishia dawa ya sonona, na muuguzi akawaeleza jambo ambalo familia nyingi hazielezwi: dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, hivyo zisiachwe katikati kwa kudhani hazifanyi kazi. Goti nalo lilitibiwa, kwa sababu lilikuwa linauma kweli.

Lakini dawa ilikuwa nusu ya matibabu. Kule Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya vituo vya afya na kuwasikiliza watu walioelemewa na mawazo. Alianza na bibi 14 jijini Harare. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza nao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kishona wana neno lao la kuwaza kupita kiasi, kufungisisa, na bibi hao walilitumia hilo badala ya majina ya kitabibu. Mimi kinachonigusa ni kwamba tiba ilikuwa mikononi mwa wazee wenyewe, nao walipewa kazi. Huku Unguja baraza zipo tangu zamani. Ni sisi tunaopita mbele yake tukiwa tumeinamia simu.

Jumuiya ya Kiwengwa ilifanya jambo dogo. Ilimwomba bibi, aliyeongoza WAWATA miaka 12, awafundishe mama vijana namna ya kuhudumia nyumba yenye msiba, kwani wengi walitoka kwao wakiwa wasichana na hawakuona. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili alikuja akakaa kimya. Mara ya tatu aliwagombeza kwa namna walivyopanga vikombe, na mkwe wake akanipigia simu kunieleza habari hiyo kama mtu anayetangaza harusi.

Na mwanawe alifanya la Daudi, ingawa alichelewa. Alimuuliza mama yake anataka kuishi wapi. Bibi alifikiri siku mbili. Akasema Desemba, Wachagga wanapokwenda kwao kwa Noeli, naye atakwenda, atabaki Rombo mpaka Kwaresima ianze, kisha atarudi kwa wajukuu.

Kuna mama mwingine katika Biblia aliyerudi uzeeni akiwa mikono mitupu: Naomi. Aliwaambia wanawake wa Bethlehemu wasimwite tena kwa jina lake, wamwite Mara, kwa kuwa maisha yake yamekuwa machungu. Ruthu, mkwe wake, hakubishana naye. Alikwenda kuokota masazo ya shayiri, akarudi jioni na chakula. Na ni jioni hiyo, katika sura ya pili, ndipo Naomi anamuuliza kwa mara ya kwanza: leo umeokota wapi? Nilipokuwa seminari nilifundishwa mengi kuhusu kitabu cha Ruthu, lakini swali hilo nililipita. Ni swali la mwanamke ambaye ameanza tena kutaka kujua habari za dunia.

Mwezi uliopita nilifika Kiwengwa mchana, upepo wa kusi ukivuma. Nilimkuta bibi chini ya mkungu na jirani yake, ukili mkononi, amesuka umekwenda upande, na jirani anamcheka waziwazi. Rozari ilikuwa shingoni mwa mjukuu, maana zawadi haidaiwi. Bibi alikuwa na nyingine, ya plastiki. Nilimpa Ekaristi, tukakaa. Nilipoinuka kuaga akanishika mkono.

"Padri, huko mjini ndizi mshale mnauziwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia sijui, jikoni hununua wengine. Akanitazama kwa mshangao, akasema niulize, nimletee jibu, na nisimwamini muuzaji wa kwanza.